Mnaotaka kinga ya mafua, ngojeni niwape ya ghala la karafuu la Ami Faki

Wakuu, salaam kwenu. Walio wadogo kwangu, yaani jukwaa zima, marahaba hata kama hamjaniamkia.

Nina mkono mzito wa kutia chumvi, sikatai. Nikiwaambia watu elfu, futeni sifuri mbili. Lakini uti wa mgongo wa kisa hiki ni kweli tupu. Niliyaona kwa macho haya haya, wakati huo yakiwa bado hayajui miwani.

Kilichonitoa kitandani ni ule uzi wa juzi wa immunity. Mmoja anamwaga vitamini C, mwengine zinki, mwengine habasoda na asali, mwengine unga wa mlonge kaupiga picha kama bibi harusi. "Tumia hivi, virusi vya kifua vitakukimbia."

Nikauliza kwa adabu zote, vitakimbia vipi? Nikajibiwa, "Mzee, hivi ni natural, havina madhara, nyinyi wa zamani hamkuwa na elimu ya lishe."

Hatukuwa na natural? Sisi Pemba?

Sisi tulikuwa na natural kwa magunia. Tulilala juu yake. Kaeni vizuri.

Zilikuwa zile zama uhuru bado, mwisho wa miaka ya hamsini. Siasa zimeshaanza kuwatenga watu mpaka visimani. Kisha ikaingia homa ya mafua, na hiyo haikuuliza mtu chama chake.

Nilikuwa kijana, nimetoka kumaliza skuli ya usiku. Tulisoma kwa karabai moja, watu na vipepeo wote wamelizunguka. Nilipojua kusoma nilisoma kila kitu, mpaka maandishi ya kwenye magunia ya mchele. Kijijini kwetu Mgogoni wote waliniona profesa, na mimi sikuwakosoa.

Niliishi nyumbani kwa Ami Faki, kaka wa marehemu baba yangu. Yeye ndiye aliyenilea, akanioza, akanipa chumba. Mashamba ya mikarafuu yalikuwa yake, majamvi ya kuanikia yake, na ghala kubwa la mawe lililoshikana na nyumba lilikuwa lake. Hata hewa ya uani tulijua ni yake.

Mke wangu, Mize, alikuwa ndio kwanza amejifungua mtoto wetu wa mwanzo, wa kike. Alikuwa ndani ya arubaini.

Kwa msiojua: kwetu mzazi anakaa chumbani siku arubaini na mtoto wake. Hatoki, hapokei kila mgeni, anakandwa maji moto, anapewa uji wa pilipili manga. Aliyekuwa akimhudumia ni mama yake, Bi Hidaya, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito.

Sasa homa ilipofika, msimu wa karafuu ulikuwa umepamba. Ami Faki akakaa barazani siku nzima akifikiri. Akainuka na utafiti wake.

"Makame," akaniita, "umeshamwona mchambua karafuu ana mafua?"

Nilikuwa nimewaona wengi. Vumbi la karafuu likikuingia puani unapiga chafya mpaka madafu yanaanguka. Lakini kwa Ami hujibu swali ambalo jibu lake analo.

"Basi ndiyo dawa," akasema. "Harufu ile hamna homa inayoistahamili. Watu waingie ghalani wavute."

Wakuu, sikilizeni hiyo kliniki.

Ghala limejaa karafuu kavu mpaka darini. Madirisha mawili, yote akayaziba kwa magunia ili harufu isitoke. Mlango unafungwa. Ndani watu wamekaa kwenye majamvi, goti kwa goti, wazima kwa wagonjwa. Mgonjwa ili apone, mzima ili apate kinga. Mgogoni yote ilihamia mle. Nasema hata ng'ombe walikuwa wanapanga foleni (hapo futeni).

Katikati kuna sufuria ya chai ya karafuu, tangawizi na ndimu. Tamu, sisemi uongo. Na supplement ilikuwepo pia! Ami alikuwa ameletewa kutoka mjini chupa ya mafuta ya samaki, yale wanayopewa watoto. Aliyeyagawa ni shangazi yangu Bi Saumu, dada yake Ami, mwanamke mkarimu kuliko wote niliopata kuwajua. Alikuwa na kijiko kimoja. Kikitoka mdomo huu kinaingia ule, na kila mtu anapewa na dua yake.

Karafuu, tangawizi, ndimu, mafuta ya samaki. Mnachouziana humu leo, sisi tulikuwa tunakivuta, tunakinywa na kukikalia.

Chumba cha Mize kilipakana na ghala. Ukuta mmoja. Siku za mwanzo alisikia watu wanacheka na kusimuliana. Baadaye akasikia kikohozi kimoja pembeni. Kikajibiwa na cha pili. Kikawa mchana kutwa, kama vyura baada ya mvua.

Nilipokwenda dirishani kwake kumpa maji, akaniambia, "Makame, mie nakaa hapa sina kazi, nasikiliza tu. Nazijua sauti za watu. Mke wa jirani kaingia mzima, nilimsikia akiimba. Leo hasemi, anakohoa. Kila aingiaye mzima humo hutoka kaumwa."

"Labda aliingia nayo," nikasema.

"Na wote waliokuja baada yake?"



Ijumaa baada ya sala, Ami akanishika mkono mbele ya watu. "Leo mlete mtoto. Mtoto mchanga ndiye wa mwanzo kukingwa. Tumemwachia nafasi katikati, karibu na sufuria."

Nikasema mama yake yumo arubainini. Akasema mama abaki, aletwe mtoto. Bi Saumu akajitolea kwenda kumchukua mwenyewe, na kanga mpya ya kumfunikia.

Alifika mlangoni kwa bashasha. "Haya mwanangu Mize, nipe bibi yangu huyo nikampe kinga. Nitamtia tone moja tu la mafuta, kidoogo."

Pazia halikutikisika. Sauti ya Mize ikatoka ndani.

"Shangazi, mie na mtoto wangu tu kitu kimoja mpaka arubaini iishe. Nyie ndio mlonifundisha."

"Kwa dawa inaruhusiwa, mwanangu."

"Ilipita lini hiyo ruhusa? Juzi nilitaka kuota jua uani mkanikatalia. Mkasema mzazi akitoka kabla ya arubaini atapatwa. Sasa mimi jua nisilione, na huyu wa jana akapelekwe kwenye vikohozi? Sendi, na ntoto hendi."

Kile Kipemba cha mwisho alikisema taratibu, kama mtu anayefunga komeo.

Bi Saumu akaguna, akacheka, akaondoka. Ami hakucheka. Alikuja mwenyewe mpaka ukumbini, na nyuma yake watu wa ghalani, wanakohoa huku wanatushangaa.

"Makame! Unaongozwa na mke?"

"Ami, mwenye chumba ni mzazi. Mimi mwenyewe silali humo siku hizi, nalala barazani."

"Mtoto huyu akipatwa na homa, utaniambia nini?"

"Na akipatwa nayo ghalani, Ami, wewe utaniambia nini?"

Hakuna aliyewahi kumrudishia Ami swali. Nadhani hata majogoo wa kijijini waliacha kuwika mpaka alasiri.

Akasema polepole, "Nyumba hii na ghala lile ni mlango mmoja. Asiyetaka kule, na hapa pamemshinda."

Hapo ndipo nilipoona kina cha maji. Nilikuwa sina shamba, sina nyumba, sina baba. Nilikuwa na mke ndani ya arubaini, mtoto asiyefika hata pishi mbili za karafuu, na cheti cha skuli ya usiku.

Nikakaa chini. Pale pale kizingitini, mgongo kwenye mlango wa Mize, miguu nimeinyoosha ukumbini. Nikamwambia, "Arubaini ikiisha tutatoka, Ami, tena kwa heshima zote. Kabla ya hapo, anayetaka kumtoa mtoto huyu anivuke mimi."

Nyuma ya pazia nikamsikia Bi Hidaya, aliyekuwa hajasema neno tangu ujauzito, "Na akishamvuka huyo, mimi nipo na mchi."

Hakuna aliyevuka.

Toka siku ile Mize akaifanya arubaini kuwa ngome. Aliyekuwa akiingia ni mama yake peke yake, naye hakukanyaga ghalani. Vyombo vyao mbali, chakula nakiweka kizingitini narudi nyuma. Dirisha la upande wa shamba wazi kutwa. Kisimani wakatupa majina. "Mtoto wa kwenye kasha." "Wasomi wa karabai." Mmoja akaniuliza kama mtoto wangu ni chombo cha kioo. Nikamwambia ndiyo, na wewe una mikono ya mafuta, kaa mbali.

Kisha kicheko kikaisha kijijini.

Watu wa ghalani wote waliangushwa na homa. Karafuu zikafunguka juu ya miti, hapana wa kuchuma. Zilizoanikwa zikanyeshewa, hapana wa kuanua. Nilikwenda mimi na wawili watatu tuliosalia, tukaburuza majamvi mpaka viganja vikachubuka.

Na Bi Saumu hakuinuka tena.

Hapa sitii chumvi. Alikuwa ndiye mwenye kijiko. Alikuwa anataka kila mtu apate, na yeye alikuwa akijipa wa mwisho, kwa kijiko kile kile. Kanga aliyomletea mtoto wangu ilikutwa imekunjwa karibu na mto wake.

Ami Faki naye pumzi zikawa za kupandia ngazi. Midomo imebadilika rangi, na bado anakataa hospitali. "Niende mjini wakasema ghala langu limenishinda?" Nikajifunga kitambaa puani, nikayang'oa yale magunia ya madirishani kwa mikono yangu, yeye ananitukana kwa sauti ndogo. Tukamtia kwenye kitanda cha kamba, tukambeba mpaka barabarani kulikopita gari.

Njia nzima alikuwa ananiita mwizi wa harufu.

Hospitali walimlaza chumba chenye madirisha makubwa, yote wazi. Nilimwonesha kwa kidole. Akafumba macho.

Siku mtoto alipotolewa nje, amenyolewa, ametiwa wanja, Ami alikuwa amerudi, mwembamba kama mpini. Tulikuwa tumeshafunga mizigo yetu kama alivyotaka. Mize akatoka na mtoto mikononi, mara ya kwanza kuliona jua. Nikamwona Ami anainuka barazani, nikajua anakuja kutufukuza.

Hakuja. Alivuka uwanja akaenda kusimama upande wa pili kabisa, chini ya ukingo wa ghala, kitambaa mdomoni.

"Mimi bado nakohoa," akasema. "Mnyanyueni nimwone nikiwa hapa hapa."

Mize akamnyanyua. Mtoto akapiga mwayo.

Ami akamtazama, akamtazama. Kisha akasema kwa ukali, "Na hiyo mizigo nani kaiweka njiani? Irudisheni ndani, watu watajikwaa."

Basi. Hakukiri mpaka anaingia kaburini. Alishikilia kwamba karafuu za mwaka ule hazikukauka sawasawa. Lakini madirisha ya ghala hayakuzibwa tena, na mtu akikohoa humo alitolewa kama mbuzi kwenye mihogo.

Sasa wakuu, msiniwekee maneno mdomoni. Chai ya tangawizi na karafuu mimi nainywa leo, hapa ninapoandika. Inalainisha koo, inapasha kifua, tamu. Machungwa nakula mpaka mbegu zinanilalamikia. Daktari akikupima akakwambia una upungufu wa vitamini fulani, meza, usimbishie.

Ninachokataa, na nitakataa mpaka mnifungie account, ni kumfanya mtu ajione amevaa ngao. Waliokuwa ghalani hawakuuliwa na karafuu. Waliponzwa na kule kuamini kwamba wameshakingwa, wakakaa goti kwa goti na kijiko kimoja. Mtu akiumwa, mwachieni nafasi, fungueni madirisha, osheni mikono. Chanjo ikiwepo, chomeni. Pumzi zikibana, ni hospitali, si chupa.

Mize ametangulia mbele ya haki. Yule mtoto yupo. Anaitwa Raya, ana wajukuu wake sasa.

Jana alikuja kuniangalia. Kapu zima la vidonge: vya C, vya D, mafuta ya samaki yamo, safari hii ndani ya vidonge laini vya dhahabu. "Baba, mafua yameenea mjini, nimekuletea kinga." Na huku anaongea, anavuta kamasi.

Nikamwambia, "Raya, kapu liweke kizingitini. Wewe kaa pale barazani, nikuone ukiwa pale pale."

"Baba, wewe mbishi!"

"Mbishi alikuwa mama yako," nikamwambia. "Mimi nilikaa mlangoni tu. Na bado nimekaa."

Uwanja wenu, wakuu. Wauza mlonge mje pia, sina ugomvi na mtu. Ila aje anijibu lile swali Ami aliloshindwa kunijibu ukumbini. Na anayekohoa aandike kutoka mbali.