Tumbo la Msemaji wa Chifu

Kwa miaka thelathini na mmoja Opanin Kantanka alikuwa msemaji wa chifu wa Adankrono, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusikia mwili wake ukitoa sauti. Hakupiga mwayo wala kucheua mbele ya kiti cha enzi. Siku ya baraza hakutia kitu tumboni mpaka watu watawanyike. Kwao mzee aliyejamba hadharani alichukua kamba akaingia porini, na waliobaki hawakuuliza amekwenda kufanya nini.

Sasa alilala katika wodi ya vitanda kumi na viwili, tumbo limeshonwa kutoka kitovuni kushuka chini. Utumbo ulikuwa umejisokota, daktari akakata kipande. Hii ilikuwa siku ya nne. Kila asubuhi nesi mmoja, rika la wajukuu zake, alisimama mlangoni akapaza sauti bila hata kutanguliza "sebe", ile radhi ambayo zamani hata mlevi aliiomba kabla ya kutaja uchafu.

"Nana," alimwita, yaani babu, "umejamba?"

Wodi nzima iligeuza shingo.

"Binti, mimi si mbuzi."

"Mbuzi angekuwa ameshapona! Usipojamba, hakuna uji."

Jirani yake, dereva wa lori, alicheka huku ameshikilia mshono wake. "Nana, mimi jana nilipiga tatu. Nikuazime moja?"

Siri ya maiti aijuaye mwosha, walisema wazee. Siku hizi waosha hutangaza kabla mtu hajafa.

Upepo ulikuwepo. Ulijiviringisha chini ya mbavu kama nyoka ndani ya gunia, ukachoma mpaka begani, ukashuka kutafuta njia. Kila ulipofika mlangoni, Kantanka alibana. Mkewe, Afua Dufie, alimkokota mara mbili hadi chooni. Choo hakikuwa na mlango, na nje watu walikuwa wamepanga foleni. Alirudi kama alivyokwenda.

Adhuhuri daktari alimgonga tumbo kwa vidole. Likalia kama ngoma iliyowambwa. Akamgeukia Dufie. "Kufika kesho asubuhi kama hakijatoka kitu, tunampasua tena. Na moyo wake sidhani kama utahimili."

Dufie alingoja daktari apite.

"Baba Yaw, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi achia."

"Mbele ya watu hawa?"

"Watu gani? Huyu mwenye mpira wa mkojo? Yule aliyejinyea jana?"

"Heri unizike nina jina."

"Jina halitanipasulia kuni."

Alasiri waliingia vijana wawili kutoka ikulu ya chifu, wakiongozwa na Bonsra, mpwa wa chifu, simu mkononi. Walikuja kumjulia hali. Kantanka hakukubali kupokea salamu za chifu akiwa amelala. Alijiinua kwa viwiko, akainama juu ya mshono, akafungua kinywa kujibu kama desturi itakavyo. Hapo upepo ukamshinda. Ulitoka kwa kishindo, ukaendelea mpaka kitanda kikatikisika.

"Goli!" alipiga kelele dereva. Wodi ikashangilia. Nesi akaja mbio. "Nana, hongera! Leteni uji!" Dufie alijifunika uso kwa kitenge, akalia.

Kantanka hakuwatazama hao. Aliwatazama wajumbe, akingoja wasimame, wazibe vinywa, watoke bila kuaga na kwenda kupeleka habari kama ilivyopasa.

Bonsra alimpigapiga begani. "Pole, mzee. Gesi tu hiyo. Mbona chifu mwenyewe anajamba barazani? Sisi tunawasha feni, shauri linaendelea." Wenzake wakacheka, kisha wote wakarudi kwenye simu zao.

Walipoondoka tumbo lilikuwa limelegea. Daktari alikuja, akaligusa, akasema hakuna haja tena ya kisu. Dufie alikaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji.

"Nusura nife kwa ajili ya nini, Dufie?"

Mkewe aliukoroga uji.

"Kwa ajili ya kitu ambacho waliokijua wote tumekwisha kuwazika. Kunywa, unapoa."