Vile tulipatia kila ukurasa ya wiki yetu ya simu muchungaji, na maziwa ya shemeji ikapona

Wakuu, mwaramutse wote, wa huku na wa ng'ambo.

Hii naandika niliiona na macho yangu, siyo ya kuambiwa. Nikiongeza chumvi, watu wa Petite Barrière, ule mupaka ya Goma, wako humu ndani, watanikata mara moja.

Nijitambulishe kidogo. Mi niko muzee wa Gisenyi. Masomo niliishia ya pili primaire, upande wa Masisi, kabla turudi Rwanda. Natengeneza miavuli kando ya barabara yenye inaenda barrière. Mvua ya Gisenyi haina adabu, kwa hiyo kazi haikosi. Naandika na kidole moja, hii ingine ilichomwa na waya ya muavuli. Mutanisamehe herufi.

Shemeji yangu, mudogo wa bibi yangu, anaitwa Mama Aline. Ni mujane, tunakaa naye mu parcelle moja. Kila asubuhi anapokea maziwa inatoka Mudende, anavuka nayo Goma, anapelekea mama moja mwenye nyumba ya chai, Mama Gloria. Ile maziwa ndiyo inasomesha watoto wake. Hana kazi ingine, hana shamba. Muweke hiyo mu kichwa, juu uzi yote inasimama hapo.

Bon. Sasa wiki.

Mutauliza muzee wa miavuli alijulia wiki wapi. Kuna binti ya jirani, Solange, alikuwa anafanya kazi mu bureau hapa mujini. Alichoka kuulizwa kila siku: leo ndizi inapita? Samaki je? Inaomba karatasi gani? Akatufungulia wiki ya sisi wavukaji. Kwa mwenye hajue, ni kama ubao ya matangazo, lakini iko ndani ya simu, na kila mutu iko na chaki. Kuna ukurasa ya maziwa, ya ndizi, ya samaki, ya karatasi, ya wabeba mizigo. Unafungua, unasoma, unavuka bila kubahatisha.

Mwanzo ilikuwa muzuri rwose. Wamama wenye simu ya tochi walikuwa wanasimama hapa kwangu, mi nawasomea polepole, wananicheka vile nasoma, lakini wanasikiliza.

Kisha Solange akapata kazi Kigali, akaolewa huko huko. (Arusi nilienda. Kulikuwa brochette ya mbuzi, ile sitasahau, mais tuendelee.)

Wiki ikabaki. Chaki tulikuwa nayo wote. Kitambaa ya kufuta, hakuna mwenye alikuwa nayo.

Na hapo ndiyo kwenye ugonjwa yetu, sisi watu wa huku. Tuko na adabu mingi. Mukubwa akiandika kitu, utafuta neno yake? Utamuangalia aje mukikutana kanisani? Basi hatukufuta hata moja. Tulikuwa tunaongeza chini.

Ukurasa ya maziwa ikawa hivi.

Juu kabisa, Muzee Kabera alikuwa ameandika eti maziwa inavuka na bidon yoyote, dumu ya chuma ama ya plastiki. Muzee Kabera ni mufanyabiashara ya viazi, mutu wa heshima, kanisani anakaa benchi ya mbele. Chini yake mutu akaandika: "Asante muzee wetu, naongeza kidogo, bidon ikuwe na kifuniko." Chini ya huyo, mwingine: "Bila kupinga wakubwa wangu hapo juu, siku hizi ni bidon ya chuma tu, ya plastiki inarudishwa." Kisha baraka, Amina nyingi, emoji ya mikono, na mutu anauliza nani ameona mbuzi yake.

Donc ukweli ilikuwa pale. Lakini ilikuwa chini, imepiga magoti.

Siku moja bidon ya chuma ya Mama Aline ikaanza kuvuja. Akafungua wiki kabla ya kutoka nyumbani. Simu yake ni ndogo, kioo imepasuka, akasoma mustari ya juu tu. Bidon yoyote. Akamimina maziwa mu plastiki, akaenda.

Ku barrière wakamurudisha. Watu wa kazi hawakumufokea, walimuelezea tu sheria. Akarudi, akaazima bidon ya jirani, akapanga foleni upya. Wakati anafika Goma, jua imekwisha kupanda na maziwa imekatika.

Mama Gloria akamwambia mbele ya wateja: "Aline dada yangu, watu wangu asubuhi wanakunywa chai. Hawanywi pole. Ikirudi tena, nachukua maziwa kwa mwingine."

Nilimuona akirudi. Mvua inamunyeshea, muavuli iko kwapani, hakuifungua. Na ile muavuli nilimutengenezea mi mwenyewe! Nikajua mambo imeharibika.

"Shemeji," akaniambia, "ile kitu yenu ya simu, uifute leo. Yote."

"Mi sijui kufuta, Mama Aline."

"Basi umupigie mwenye anajua!"

Nikapigia Solange, nikaweka sauti kubwa. Chini ya turubai yangu kulikuwa Muzee Kabera, amekuja kuchukua muavuli yake, na Papa Musa. Papa Musa ni mulemavu wa miguu, anabeba mizigo na tricycle yake, anavuka karibu kila siku. Mudomo yake haina breki.

Solange akasikiliza yote. Akasema: "Pole sana, Mama Aline. Lakini mukifuta wiki, kesho mutarudi kuulizana barabarani. Shida, ile ukurasa haina mutu. Ni ya wote, donc haiko ya yeyote. Kila ukurasa mupatie mutu moja. Ikizeeka, tunajua tunaenda kwa nani."

Muzee Kabera akakohoa. "Kwani mi niliandika uongo?"

Nikainamia muavuli yake. Mvua tu ku turubai.

"Hapana, muzee," Papa Musa akasema. "Uliandika ukweli ya wakati ule. Sasa imeota mvi kama weye."

Ayiwe! Nilishika roho. Kabera alimuangalia, akaanza kucheka, na sisi wote tukapumua.

Tukagawana pale pale. Papa Musa akachukua ukurasa ya barrière na mizigo. Kabera, viazi. Mi wakanipa mvua na barabara, juu nakaa inje siku yote. Ikafika maziwa, macho yote ikaenda kwa shemeji.

"Musiniangalie. Mi na ile kitu tumeachana."

Wakuu, mulifikiri mambo imeisha? Ndiyo kwanza ikaharibika.

Muzee Kabera akaandika juu ya ukurasa yake, herufi kubwa: HII NI YA KABERA, USIGUSE. Papa Musa naye akaweka picha ya tricycle yake, kubwa, mpaka ufike ku maneno kidole imechoka. Mwanamuke moja wa Mudende akamutumia Kabera ujumbe muzuri kabisa, eti fasi ya kushushia viazi imehama, wanashushia upande wa chini. Kabera akakasirika. "Nani anaingia kwangu bila kubisha?" Akaacha fasi ya zamani vile vile. Watu wakaenda na magunia ku fasi tupu, wakarudi wananitukana mi, eti wiki ya muzee wa miavuli.

Nikaona ni afazali zamani. Zamani ukurasa haikuwa na mutu. Sasa ilikuwa na chifu.

Mi na wavukaji wengine tukaenda kumuona Kabera nyumbani. Mama Aline alitufuata tu juu njia ni moja. Tukapewa chai, tukaongea habari ya mvua, habari ya viazi, kila kitu isipokuwa ile ilituleta. Adabu yetu tena, munaiona?

Ni Mama Aline alikata. Akaweka kikombe chini.

"Muzee, ile ngombe yako iko Mudende, iko mafuta?"

Nieleze kidogo kwa wenye hawajue. Huku kwetu kuna kitu inaitwa kuragiza. Uko na ngombe, malisho hauna, unaipatia mwenzako aichunge. Maziwa anakunywa yeye, mbolea anachukua yeye, lakini ngombe haiko yake. Siku mwenyewe anakuja kuiona, muchungaji anaitoa inje, wote wanaiangalia. Kama mbavu inaonekana, aibu ni ya muchungaji. Na Kabera aliragiza ngombe kwa familia moja ya kule.

"Iko muzuri sana," akajibu. "Juzi niliiona."

"Na yule ulimuragiza, akikukataza kuiona? Akisema ni yake, usiguse?"

"Namunyanganya siku ile ile!"

"Na jirani akimuambia ngombe inachechemea, akatae kusikia, aseme nani anaingia kwangu?"

Kabera naye akaweka kikombe chini. Akatafuta miwani mu mufuko.

"Sasa muzee," shemeji akasema, sauti imeshuka, "ile ukurasa ya viazi ulinunua wapi?"

Yewe. Bibi ya Kabera akacheka huko jikoni, tukamusikia.

Muzee akavaa miwani, akachukua simu. Akafuta ile USIGUSE. Akaandika fasi mupya ya viazi. Nikafikiri amemaliza, kumbe anatafuta kitu. Akanisogezea simu.

"Nionyeshe. Ile mustari yangu ya maziwa inatokea wapi?"

Nikamuonyesha. Akaifuta yeye mwenyewe. Hakuna mwenye alimulazimisha. Kisha akamugeukia shemeji: "Yangu nimetoa. Sasa ngombe ya maziwa nani anachunga? Ama weye unajua tu kuchunga ya wengine?"

Mama Aline akaangalia dari, akaniangalia mi, akasema: "Leteni."

Kutoka siku ile hatusemi tena mwenye ukurasa. Tunasema muchungaji. Jina yake iko juu, na siku aliangalia mara ya mwisho iko juu pia, kila mutu aone. Ukiona kosa hauongeze chini na baraka. Unamuambia muchungaji, na yeye anafuta ya zamani bila kuomba musamaha kwa mutu, juu anachunga, hamukosee mutu heshima. Ukisafiri, unaachia jirani kamba ya ngombe, ndiyo kusema ukurasa yako. Muchungaji akinyamaza sana, Solange anamupigia kutoka Kigali, na Solange akikupigia utaamka. Papa Musa alitoa picha. Karibu yote. Kuna tricycle kidogo imebaki pale chini, tumemuachia.

Sasa musikilize hii.

Asubuhi moja, giza bado haijatoka vizuri, Mama Aline anamimina maziwa, bidon ya chuma, muzima. Akafungua simu. Ukurasa ya barrière, mustari ya juu, na juu yake hakuna kitu ingine: "Petite Barrière leo mizigo haipite, wanatengeneza mufereji. Mupite Grande Barrière. Nimeiona na macho, niko hapa. Musa."

Zamani hii ingekuwa chini ya Amina kumi. Shemeji angeshuka Petite, angesimama pale mpaka jua imutoke juu ya kichwa.

Akachukua moto, ndiyo pikipiki, mpaka Grande, barrière ile ingine. Nilimuona akipita hapa kwangu, bidon mbele, dereva amekunja magoti kama panzi. Hakunipungia mukono.

Wakuu, ile asubuhi sikutengeneza muavuli hata moja. Nilishika waya, nikaweka chini, nikashika tena. Wamama wengine walikuwa wanarudi kutoka Petite na mizigo, wenye hawakusoma, wananung'unika. Mi nawaza tu: kama Musa amekosea? Kama Grande nayo inarudisha watu? Mama Gloria alisha kusema neno yake, na yule mama hasemi mara mbili. Watoto wataambiwa nini?

Nikamuona anarudi, bidon tupu, anatembea polepole.

"Mama Gloria amesema nini?"

"Amenigombeza."

Nikaweka waya chini tena. "Juu ya nini tena?"

"Eti nimefika mbele ya wakati. Makaa yake haijawaka, mi nimesimama ku mulango na maziwa, namuharakisha kama mutu anadai!" Akacheka mpaka akashika tumbo. "Shemeji, hakujua hata kama Petite imefungwa. Hakujua kitu! Ameniambia nikuwe naleta na ya jirani yake."

Nilikaa chini. Nilisikia mabega inashuka, kumbe nilikuwa nimeibeba tangu asubuhi.

Funzo nimechukua ni hii. Kitu ya wote inaomba mutu moja wa kuichunga, na ule mutu ajue haiko yake. Ukitoa ile ya kwanza, inakuwa jalala. Ukitoa ile ya pili, inakuwa ya chifu. Na adabu ni kitu kizuri, mais ya kuacha mwenzako asome uongo haiko adabu. Mi nilizeeka bila kujua hiyo.

Kama munachunga kitu ya namna hii kwenu, wiki ama group ama chochote, muniambie munafanya aje muchungaji akichoka. Hapo bado tunahangaika. Na kama niliandika vibaya, munikosoe wazi, musiongeze chini kwa adabu.

Kisha, ukurasa ya samaki haina mutu. Mama mwenye alikuwa anaichunga amehamia Rutsiro kwa binti yake. Kama uko humu na unavukaka na sambaza, zile samaki ndogo, sema hapa chini, kamba iko kwangu.