Mwonjaji wa Bibi

Juzi nilikwenda dukani Kasulu na mjukuu wangu wa miaka minane. Mtoto huyu ana bidii mpaka inachosha. Alininyang'anya kikapu, akatangulia, akarudi na chupa mbili za mafuta, moja kila mkono. "Bibi, hii au hii?" Nikazitazama. Zote zimefungwa kizibo kwa nailoni, zote zina picha ya ua la alizeti. Nikamwambia achukue yoyote. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kusema "yoyote" mbele ya chakula. Lakini siku hizi nimechoka, na mafuta yaliyofungwa hayaonjeki.

Zamani tulionja. Nazungumzia miaka ya sabini, tulipokuwa tumeshahamishiwa kijijini upande wa Heru Juu. Nilikuwa mdogo kuliko mjukuu wangu huyu, na kila Alhamisi nilikwenda sokoni na bibi yangu, mama yake baba. Yeye alijitwika kapu la maharage, mimi nikabeba kibuyu kitupu cha mawese. Barabara ilikuwa vumbi jekundu kiangazi na utelezi wakati wa mvua, na Bibi hakuwa mtu wa kumsubiri mtoto. Soko ulilisikia kabla hujaliona, na kulinusa pia: dagaa, tumbaku, ndizi zilizoiva kupita kiasi. Chumvi ya Uvinza ilirundikwa juu ya magunia, na kando yake walikaa wauza mawese waliopanda na madebe yao kutoka huko chini ziwani.

Sasa nikupe siri. Bibi alikuwa hana ulimi. Si kwamba hakusema, maana kusema alisema kutwa. Ladha ndiyo iliyomtoka, pamoja na harufu, baada ya homa iliyomlaza karibu msimu mzima wa mvua. Chumvi na majivu kwake vikawa kitu kimoja. Alinieleza mimi peke yangu, tukiwa uani tunapukuchua maharage.

"Mwana wanje, mwanangu, wakijua wataninyang'anya mwiko," alisema. "Mimi mwenyewe nilimnyang'anya mama mkwe wangu alipoanza kukosea chumvi. Nilimwambia, pumzika mama. Akapumzika kweli, hata mavuno hakuyafikia."

Basi nikawa mwonjaji wake. Salamu zetu Waha, kama unavyojua, hazikuwa za kupita. Mtu unamwinamia, unapiga makofi taratibu, na huku makofi yanaendelea mnaulizana watoto, mashamba, mvua, mpaka mbuzi. "Mwakeye!" "Mwakeye!" Bibi akifika kwa muuza mawese alianza salamu hizo na hakuwa na haraka ya kuzimaliza. Mimi huku nachovya kidole kwenye debe, nalamba. Mawese yakiwa mazuri, nanyamaza. Yakiwa yamechacha, au debe lenyewe lilikuwa la mafuta ya taa, navuta khanga yake. Hapo makofi yanakoma na Bibi anasema, kama mjuzi, "Haya ya leo siyataki, mama," kisha anahamia kwa mwingine. Wauzaji walimwogopa. Walisema yule mama anayajua mawese kwa macho tu, na mimi nilivimba kichwa njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nyumbani kazi ilikuwa haijaisha. Wenzangu wakicheza, mimi nilikuwa jikoni, moshi machoni, nasubiri maharage yakaribie kuepuliwa ili nionje chumvi. Bibi alipenda kusema kwamba mpishi ni chumvi, moto ni kibarua tu. Nilikuwa nikilala usingizi wa mkulima. Hata hivyo nilimpenda, na nilijua kwamba nikizembea mimi, mwiko utamtoka.

Kisha mwalimu akapita nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto, maana sasa kila mtoto ilikuwa lazima asome. Alikuwa kijana mgeni, aliyeletwa kutoka mikoa ya mbali. Akaniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili. Nikalishika. Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema mkono huo ni mrefu tu, mtoto mwenyewe bado mdogo sana. Mwalimu akacheka, akaniandika.

Alhamisi ya kwanza ya shule, Bibi alikwenda sokoni peke yake. Jioni niliporudi, harufu ilinipokea uani: mafuta ya taa. Mama ndiyo kwanza alikuwa anatua jembe, naye akasimama, akanusa, akatazama jikoni. Bibi alikuwa ameshapakua.

Tukakaa kula. Ugali wa muhogo, maharage, na mawese yale yenye ladha ya kibatari. Baba alikata tonge, akachovya, akatafuna polepole, akameza. "Mama, leo umepika," akasema, akachovya tena. Mama naye akaitikia, "Kweli, mama, yamekolea." Nikawatazama, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba walikuwa wanajua. Miaka mingi baadaye mama aliniambia walijua tangu ile homa. Kila nilipoonja jikoni, yeye alijipa kazi nyuma ya nyumba makusudi, asije akatuona.

Nami nikala. Tulikula wote, isipokuwa mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo anajifunza kutembea na hakuwa na adabu za mtu yeyote. Bibi alimlisha tonge, mtoto akalitema palepale kwenye kiganja cha Bibi na kulia. Bibi akalitazama lile tonge. Kisha akatutazama usoni, mmoja mmoja, sisi tuliokuwa tunatafuna.

Asubuhi mwiko ulikuwa mlangoni kwa mama, umeoshwa. Mama alimrudishia, Bibi akakataa. "Niacheni nipumzike," akasema. Niliogopa sana, maana nilikumbuka habari ya mama mkwe wake. Lakini Bibi hakufa. Aliishi miaka mingi, amekaa ukutani juani, anapukuchua maharage yatakayopikwa na mwingine, na kila alichopewa alikisifu kwamba ni kitamu. Mpaka leo moyo unaniuma nikikumbuka alivyokuwa akisifu.

Soko bado lipo, ila jaribu leo kutia kidole kwenye mafuta ya mtu uone. Makofi nayo yamekwisha, watu wanarushiana "mambo" huku wanatazama simu. Mwiko wenyewe siku hizi hakuna anayeugombea.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikumbuke yote haya. Tangu nilipougua kifua mwaka juzi, nami sisikii ladha. Chumvi na majivu. Sijamwambia mtu. Jumapili wanangu walikuja kula kwangu, na mjukuu wangu yule wa dukani, mdogo kuliko wote, alinisaidia kupakua. Mwanangu mkubwa akakata tonge, akatafuna polepole, akameza.

"Mama," akasema, "leo umepika."

Wengine wakaitikia. Nikageuka haraka nimtazame mjukuu wangu. Alikuwa anatafuna, macho kwenye sahani.

"Kitamu, Bibi," akasema.

Ameshakua. Kwangu hakuna tena mtoto wa kutema.