Kompyuta Niliyoikusanya kwa Mashaka

Nilipoamua kujiundia kompyuta ya michezo, kipande kwa kipande, sikumwamini muuzaji yeyote mjini kwetu, kuanzia mtaa wa Kavimvira mpaka Kimanga. Nilikuwa nafundisha jiografia, na nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: mchezo wa kuendesha malori niliouona kwa rafiki yangu Bujumbura. Barabara ndefu, mvua kwenye kioo, na hakuna hata barrière moja ya mtu kukusimamisha akikudai karatasi. Nilijaribu kuufungua kwenye kompyuta yangu ya kazi, ikaganda.

Nilianza na carte mère, ule ubao ambao vipande vingine vyote vinachomekwa juu yake. Niliipeleka dirishani nikaikagua pini kwa pini. Vijiti vya kumbukumbu navyo nilivitazama kwa kioo cha kukuzia nilichoazima shuleni. Kila kibandiko nilikikwaruza kwa ukucha nione kama chini yake kuna kingine.

Kipande kimoja tu hakikunisumbua: alimentation, lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya mashine. Aliyeniuzia alikuwa kijana mpole sana, duka lake liko karibu na mpaka, Kavimvira. Alinipa kiti, akanipa maji baridi, kisha akaniwekea maboksi mawili mikononi.

"Pima mwenyewe, mwalimu. Ile nyepesi iko ya uongo."

Nilikuwa nimesoma maneno hayo hayo kwenye simu. Nikachukua zito, nikaenda zangu nikiwa na furaha.

Ilibaki carte graphique, inayochora picha, na hapo ndipo watu wanapodanganywa kuliko popote. Kadi iliyochoka inasuguliwa, inawekewa feni mpya, inauzwa kama ya juzi. Niliyoitaka ilikuwa kwa mama mmoja wa Kimanga, mwenye kiduka cha vifaa vya kompyuta. Salamu yangu aliipokea nusu. Nilipoomba kufungua boksi, alilivuta upande wake.

"Unataka kufungua juu ya nini?"

"Nione tu, mama."

"Batu banaona, kisha banarudisha ingine."

Nikajiambia, huyu ana jambo. Mwenye kitu kizima anakificha kwa nini?

Nilirudi Jumamosi na dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya. Yeye ni mshonaji, na sijawahi kumwona akinunua kitambaa bila kukivuta uzi. Tulikuwa tumebeba mashine yangu kwenye pikipiki, yaya akiikumbatia kama mgonjwa. Nilimwambia yule mama kwamba sitanunua kadi mpaka niijaribu pale pale, mbele yake. Alikubali, lakini kwanza alitaka kadi yangu ya mpiga kura, akalinganisha picha na uso wangu mara kadhaa. Kisha akachukua rangi ya kucha, akatia nukta nyekundu kwenye skrubu ya ile carte graphique.

"Anatia alama," yaya alininong'oneza. "Anatuona wezi."

"Na minye namuona vile vile."

Tukaichomeka kwenye mashine yangu, tukaunganisha skrini ya duka, tukawasha. Mchezo ukafunguka, lori likatoka uwanjani likaingia barabarani, na picha ilikuwa safi hivi kwamba nilisahau nimekuja kumkamata mtu. Lori lilipoanza kushika mwendo, skrini ikawa nyeusi na mashine yote ikazima. Tukawasha tena. Likashika mwendo, ikazima tena. Umeme wa mji haukuwa na kosa, kwani taa ya duka ilikuwa inawaka.

"Carte yako iko ya kufa!" nilisema kwa sauti ya kusikika hadi nje.

"Ilikuwa muzima mpaka ilipoingia mu mashini yako. Alimentation iko gani mule?"

"Ile iko nzuri. Iko nzito."

"Nzito?" Alicheka, na hakikuwa kicheko cha kupendeza. "Fungua."

Nilikataa. Niliona anatafuta njia ya kutokea, na nikilichana karatasi la garantie, la dhamana, lililobandikwa juu ya skrubu za alimentation, kijana wa Kavimvira hatanipokea tena. Yaya akanigeukia.

"Weye unamulinda ule kijana juu alikupa maji?"

Tulichomoa waya, tukaacha boksi lipoe, kisha nikafungua skrubu. Nusu ya boksi ilikuwa tupu. Kulikuwa na nyaya chache nyembamba, na pembeni donge la saruji lililozungushiwa utepe mweusi. Yaya alilitoa akaliweka mezani.

Lakini mashaka hayakuniacha. Yule mama alijuaje? Nikamuuliza waziwazi kama yeye na yule kijana ni kitu kimoja.

Alinitazama kwa uchovu. "Batu bananirudishia carte zimeungua sababu ya maboksi ya hivi. Na bote banasema minye ni mwizi. Kama weye sasa hivi."

Alichomoa alimentation ya mashine yake ya kaunta, akaiunganisha na yangu. Lori likapanda mlima, likashuka, likafika mjini bila kuzima. Nilinunua ile kadi, na alimentation kutoka rafu yake. Kabla hatujatoka aliitazama tena ile nukta nyekundu, na mimi nikaitazama pia.

Tulipitia Kavimvira tukiwa na lile donge ndani ya mfuko. Kijana alitukaribisha viti. Yaya hakukaa, alitoa saruji akaiweka mbele yake.

"Hii si yangu, mama," alisema kwa upole ule ule. "Pengine muliweka wenyewe."

Alikuwepo mteja mmoja, mzee aliyevaa suti, anapima maboksi mikononi. Alitutazama, akamtazama kijana, akayarudisha yote mezani. Kisha akatupita mlangoni ameubana mfuko wake kwapani, kana kwamba wezi ni sisi.