Korongo wa Vyuma Chakavu

Wiki iliyopita, pale Pasiansi, nilimwona binti wa jirani akiunga kamba ya gari lake la chupa za plastiki, nikamkumbuka korongo.

Nilikuwa bado mtoto wa shule mchana ule mama aliponipeleka uwanja wa makumbusho kuona sanamu zilizotengenezwa kwa takataka. Palinuka kutu na nyasi mbichi. Kiwanda cha nyuzi alikofanya kazi kilikuwa kimefungwa, na nyumbani hatukukitaja. Korongo alikuwa ameundwa kwa vyuma vya mashine. Kamba ya bawa lake moja ilikuwa imekatika, na bawa likagongagonga kwa upepo wa ziwani. Mama akaiunga kwa vidole viwili, hata hakuitazama. Nilidhani anamfunga asije akaruka.

Mzee aliyeziunda sanamu zile akatusogelea.

“Shikamoo,” mama akasema.

“Marahaba. Hicho kifundo umejifunzia wapi?”

“Kiwandani. Uzi ukikatika, mashine haikungoji.”

“Basi kesho uje. Nina twiga hapa, kusimama hawezi.”

Mama alicheka njia nzima mpaka nyumbani Mkolani. Shuleni nikawaambia wenzangu kwamba amepata kazi ya kutibu wanyama. Mpaka leo sijawasahihisha.