Milango Iliyohamia Nyuma

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nimeanika dagaa visiwani, nimefagia kiwandani Nyakato, nimepikia wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mwaka ule nilikuwa saidia fundi Kisesa, nabeba zege kwa karai. Tulikuwa tunaijengea shule ya msingi vyoo vya wasichana, pamoja na chumba cha kujihifadhi wanapokuwa kwenye siku zao.

Kazi ilikuwa ya chama cha akina mama wa mjini wanaojitolea. Mwenyekiti wao alikuwa muuguzi mstaafu. Jumamosi walikuja na sare zao za kitenge, wakakunja mikono na kubeba mawe pamoja nasi.

Jengo lilipendeza. Milango yote ilitazama uwanja ambapo wanafunzi hupanga mistari asubuhi, ili mgeni rasmi akate utepe mbele ya umati na picha zitoke vizuri. Wiki mbili kabla ya sherehe, vyoo vikafunguliwa vijaribiwe. Hakuna msichana aliyeingia. Waliendelea kwenda nyuma ya ua wa minyaa, na ambao siku zao zilifika walibaki nyumbani kama zamani.

"Ni ugeni tu," akina mama wakasema. "Watazoea."

Mimi jambo nisilolielewa haliniachi. Nikamuuliza msichana mmoja wa darasa la saba.

"Dada, ukiingia pale shule nzima inakuona," akasema. "Wavulana wanahesabu umekaa dakika ngapi, halafu wanakutangaza."

Nilimwelewa kuliko alivyojua. Mimi nilianza kwa kukosa shule siku tatu kila mwezi, zikawa wiki, kisha nikaona aibu kurudi.

Jumamosi iliyofuata nikamwendea mwenyekiti, karai mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawe una kero gani?"

Nikamweleza. Akautazama uwanja, akaitazama milango.

"Miaka thelathini wodi ya wazazi," akasema, "sijawahi kumvua mtu nguo bila kuvuta pazia. Leo nimejenga choo jukwaani!"

Mwenzake mmoja akaruka. "Sasa mgeni rasmi akate utepe nyuma ya choo, mwenyekiti?"

"Akate. Naye si huwa anaenda?"

Wakacheka mpaka fundi akaweka mwiko chini. Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Wewe wa karai, hukuogopa kutuambia?"

"Niliogopa, mama."

"Asante kwa kuogopa ukaja."

Sijasahau neno hilo. Nimefanya kazi kwa watu wengi, na wengi hawakujua kama nina mdomo.

Tuliziba milango kwa tofali, tukatoboa mingine upande wa minyaa. Siku ya sherehe mgeni rasmi alizungushwa nyuma na viatu vyake vya kung'aa, akakata utepe watu wakiwa wamebanana kati ya ukuta na ua. Picha zilitoka vibaya.

Kwa desturi yangu ningekuwa nimeshaondoka. Safari hii nilibaki mpaka Jumatatu, nikaenda kuona. Mlango wa chumba kile ulikuwa umefungwa kwa ndani, na wasichana wawili walisimama nje wakilinda zamu ya mwenzao. Mmoja alikuwa yule wa darasa la saba.

"Dada, na wewe!" akanifokea. "Unachungulia nini? Hebu toka hapo!"

Nikatoka haraka, nacheka peke yangu mpaka barabarani.