Faili Moja, Ndugu Wawili

Mambo yote yale yaligharimu mguu mmoja, wa kushoto, kuanzia chini ya goti. Upande wangu niliingiza shilingi elfu moja. Nimepiga hesabu mara mbili na haibadiliki.

Nasimamia mapokezi kwenye kliniki ya daktari mmoja kijana huku mtaani Ng'ambo, vyumba vitatu na baraza. Kabla ya hapo niliuza mitumba miaka kumi na minne, na daktari alinichukua kwa sababu hiyo hasa: alikuwa akiibiwa hata bendeji. Mwezi wangu wa kwanza bendeji ziliacha kupotea. Wagonjwa nao waliacha kumlilia yeye bei, wakawa wananililia mie, na machozi ya bei nayajua tangu kwenye mitumba.

Wale ndugu walikuja pamoja kutoka mashariki ya kisiwa, wanawake wa makamo, wakulima wa mwani. Mkubwa na mdogo, sura moja, kimo kimoja, mabuibui yamepauka kwa chumvi. Mgonjwa siku ile alikuwa mdogo mtu, ana kizunguzungu. Nikawaambia kufungua faili ni elfu tano.

"Na huyu dada yangu akiumwa kesho?" mdogo akauliza.

"Elfu tano yake."

"Elfu kumi kwa tumbo moja! Mama mmoja, baba mmoja, hilo faili moja halitutoshi?"

"Faili si kanga, dada, na hata kanga hawajifungi watu wawili."

"Kanga inauzwa doti, watu wawili wanagawana, na bei haipandi."

Nilicheka. Mtu akinichekesha kwenye bei, basi keshanishinda nusu. Tukapatana elfu sita kwa wote wawili, na juu ya jalada nikaandika jina la baba yao tu, likawaenea. Elfu tano zikaingia kwenye droo ya kliniki, elfu moja ikaingia kwenye pochi yangu. Daktari alikuwa amekataza kabisa watu kuchangia faili. Nilihesabu kwamba hatojua.

Mdogo akapimwa presha na sukari. Vyote vilikuwa sawa, vikaandikwa, akapewa vidonge, wakaenda zao.

Wiki tatu baadaye akaja mkubwa, peke yake, gamba la chaza limemkata unyayo. Alipokuwa anangoja zamu barazani alikunywa maji vikombe saba. Nilivihesabu kwa sababu maji ya lile dumu nanunua mie.

"Bi mkubwa," nikamwambia, "bahari yote ile huko kwenu, na kiu umetuletea sie?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akachota cha nane.

Faili nililiingiza mwenyewe. Daktari alikuwa ameshaona watu wengi tangu asubuhi na hakuinua uso. Akasoma mstari wa mwisho, akauliza, "Kile kizunguzungu vipi?"

"Kishaondoka, alhamdulillahi."

Hakusema uongo. Cha mdogo wake kilikuwa kimeondoka kweli, naye alidhani daktari anaulizia hali ya mdogo wake.

"Na sukari tulishapima, iko vizuri," daktari akasema, akainama kwenye kidonda.

Mie nilikuwa nimesimama mlangoni. Maneno yaliyohitajika yalikuwa mawili tu: huyu siye. Lakini yale mawili yangetoka na ile elfu moja. Nikaenda kumwita anayefuata.

Kidonda kikasafishwa, kikafungwa, akaambiwa arudi baada ya siku tano. Alirudi baada ya siku kumi na mbili, kwa kuwa bamvua lilikuwa limeingia, maji yanakupwa mbali, na zile ndizo siku za kuvuna mwani. Harufu ilitufikia kabla hajavua kiatu. Daktari akamtoboa kidole, na mashine ikagoma kutoa namba. Sukari ilikuwa imepita pale inapoweza kuhesabu. Mie niliyeishi kwa namba, siku ile nilitamani namba yoyote. Alasiri ile ile akapelekwa hospitali kubwa. Siku ya nne mguu ukakatwa.

Nilikwenda kumtazama na machungwa sita. Mdogo mtu akanivuta ukumbini.

"Dada, nambie kweli. Ile bei nilivyokubana siku ile, ndiyo iliyomponza mwenzangu?"

"Mie si daktari."

"Ningelitoa elfu kumi, naye angelipimwa kama nilivyopimwa mie. Nnalifikiri hilo hata nikisali."

"Kula chungwa," nikamwambia. Nikammenyea mwenyewe.

Sasa yapata miezi mitano. Mdogo anaingia baharini peke yake, anafunga kamba zake na za dada yake, na akiuza mwani pesa yote anamkabidhi mkubwa kwanza, kama mtu anayelipa faini. Daktari naye anaamini ile mashine yake ilidanganya mara ya kwanza. Kanunua mpya, na anampima sukari kila anayekanyaga mlango, hata aliyekuja kwa kikohozi, na hataki niwatoze. Juzi alikaa kwenye benchi la wagonjwa baada ya watu kuisha, akaniambia pengine kazi hii haimfai, anafikiria kufunga. Watu wawili wamebeba kosa, kila mmoja analiona lake peke yake, na lao halifiki hata robo.

Nikimwambia daktari, kazi sina. Hilo nshalihesabu na ninaweza kulilipa. Nikimwambia mdogo, atamwambia mkubwa usiku huo huo, na mkubwa kila nikenda kumtazama ananiombea dua, ananiita mwanangu, ananikatia muhogo wa kwenda nao nyumbani. Kupatana bei na watu najua. Hili sijui pa kulianzia. Wewe uliyeyasoma haya, usiyenijua na usiye na haja ya kunifurahisha, nakuomba unishauri: niende kwa nani kwanza, na nikifika, niseme neno gani la mwanzo?